Mwiko Nilioufukia Katito

Niliogopa kila siku ya kazi yangu, na kwa kuwa sasa nimestaafu naweza kulisema hilo bila kuhofia kwamba mtu atanihamishia mezani kwa kunihurumia. Vijana wa idara wameniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya akiolojia kandokando ya ziwa kabla ya kompyuta kuingia. Nadhani walitaka niwasifie subira ya wazee na uzito wa masanduku. Vyeo nitaviacha, maana vilikuja vimechelewa na havikunifundisha kitu. Nitaandika juu ya woga. Vitabu vyenu vina sura nzima za sampuli na za nadharia, lakini sijaona hata kimoja chenye ukurasa juu ya kuogopa shimo ulilolichimba mwenyewe.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya themanini, msichana wa Kisumu mjini, niliyefaulu hesabu na kukosa nafasi ya ualimu. Niliambiwa niripoti kwa Bwana Makokha. Nilimkuta stoo, mtu mrefu wa Bungoma, miwani yake imefungwa kwa waya upande mmoja, amekaa katikati ya masanduku yaliyofika darini. Hakuniuliza habari za safari. Alimwaga vigae vya vyungu juu ya meza akasema, "Hesabu." Nikahesabu, nikamwambia idadi. "Sasa hesabu vyungu." Nikamwambia kwamba vyungu havipo, kuna vigae tu. Akavua miwani akaifuta kwa shati.

"Basi hiyo ndiyo kazi yenyewe, Madam," alisema. "Vyungu havipo, na mimi nataka idadi yake."

Nilipoinama kuchukua sanduku jingine chini ya meza, nilikutana uso kwa uso na fuvu la mtu, limelazwa juu ya pamba na taya lake kando. Nilipiga kelele iliyomleta askari wa getini. Nilitarajia Makokha acheke. Hakucheka. Alilisogeza lile sanduku polepole, akalifunika, kisha akaniambia nimefaulu. "Asiyeogopa humu ndani huwa anavunja vitu," alisema. Yeye mwenyewe, miaka yote niliyofanya naye kazi, alivua miwani na kuifuta kila kabla ya kufunua mfupa.

Kazi yetu, kwa wasioijua, ilikuwa kuwaeleza watu ambao hawakuacha neno hata moja. Kandokando ya ziwa kuna malundo ya makombe ya konokono wa majini, mifupa ya samaki na vigae, yaliyoachwa na watu waliokula hapo zamani sana. Je, walikaa mahali hapo mwaka mzima, au walikuja samaki walipopanda mito wakaondoka? Walikuwa familia moja au kijiji? Chungu kimoja kikivunjika vibaya kinaweza kujifanya vyungu kumi, kwa hiyo tulihesabu midomo ya vyungu, tukapima uzito wa vigae, tukalinganisha tabaka na tabaka, shimo na shimo. Makokha hakuwaamini wataalamu waliotazama kigae kimoja na kuanza kusimulia. "Vigae havisemi," alikuwa akisema. "Sisi ndio tunaosema, halafu tunavisingizia." Aliamini hesabu kwa sababu hesabu inamfanya mtu aone haya kidogo kabla ya kudanganya.

Alikuwa na chuki na neno moja. Kama shimo halikuwa na mifupa na ukaandika "hakuna", alilikata kwa kalamu nyekundu. "Wewe ni nani useme hakuna?" aliuliza. "Umechimba kipande cha ukubwa wa kitanda katika nchi nzima. Andika: haijaonekana." Sisi vijana tulimwiga chini kwa chini. Ukimuuliza mwenzako kama kuna chai, anakujibu haijaonekana.

Nilipomaliza msimu wangu wa kwanza nje, alinipa mwiko. Ulikuwa mwiko wa fundi wa kawaida, ila alikuwa ameupeleka kwa mafundi wa jua kali wakaukata ncha na kuunoa, na mpini akauzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Juu ya mti wa mpini alikuwa ameandika jina langu kwa waya wa moto, AWUOR, ili usichanganywe na wa wengine. "Kazi hii ina miiko miwili," aliniambia. "Mmoja unaushika. Wa pili unakushika wewe." Nilidhani ni mzaha wa mtu apendaye Kiswahili. Nilicheka kwa adabu nikaenda kuuosha mwiko wangu.

Nitawaambia pia juu ya jedwali, maana ndilo lililotupeleka kwenye shimo la Katito. Mchimbaji ana tamaa. Akiachwa achague, atachimba penye kivuli, au penye kigae kizuri, kisha atangaze kwamba wazee wote walikuwa matajiri. Makokha alitaka tamaa hiyo ifungwe mdomo. Tuligawa eneo lote kwa miraba juu ya karatasi ya grafu, tukaipa miraba namba, kisha tukafungua jedwali la namba za bahati nasibu, kitabu kizima cha namba zisizo na mpango. Mmoja alifumba macho na kuweka kidole. Mraba ulioangukiwa ndio uliochimbwa, hata kama ulikuwa kwenye miiba au kwenye kinyesi cha ng'ombe. Mara nyingi ulikuwa kwenye vyote viwili.

Na woga wa ukuta. Udongo mweusi wa Nyakach ukikauka unapasuka nyufa zinazotosha kuingiza mkono, na ukinyeshewa unakuwa mzito kama ugali uliokosa kupikwa sawasawa. Mwaka mmoja ukuta wa shimo letu ulianguka mara tu baada ya mchimbaji kutoka kunywa maji. Hakuna aliyeumia. Lakini sepetu yake tuliichimbua ikiwa imepinda, na yule bwana alichukua koti lake akaenda kwao Sondu bila kuaga. Tangu hapo sikuruhusu udongo urundikwe karibu na ukingo, na kila nilipoliona wingu juu ya milima nilitoa watu. Nanyi fanyeni hivyo hata mkuu wenu akiwacheka.

Basi ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mvua ndefu zikikaribia. Mfereji wa kunyweshea mashamba ya mpunga ulikuwa upite nje kidogo ya Katito, nasi tukatumwa kuangalia kilichokuwa ardhini kabla ya matingatinga kufika. Tuligawa miraba, tukafumba macho, tukaweka kidole. Mmoja wa miraba ukaangukia ndani ya boma la watu, karibu na lango, mbele ya nyumba ndogo ya kijana, ile ambayo sisi Wajaluo huiita simba ingawa haina uhusiano wowote na mnyama.

Tulimwomba ruhusa mkubwa wa boma, Mzee Ogola, mwenye umri wa miaka sitini na kitu hivi, mpole, aliyeshika fimbo yake kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mlango. Alikubali upesi kuliko nilivyozoea. "Chimbeni tu," alisema. "Hapo hamsumbui mtu. Hiyo nyumba hakuna mtu analala saa hii." Nikaona ni ukarimu.

Tulipiga vigingi, tukavuta kamba, tukanyoosha kona kwa timazi. Shimo la majaribio siku zote lilikuwa upana wa mita moja na urefu wa mbili. Tulichimba siku hiyo, tukalifunika kwa mabati, tukarudi asubuhi. Nilikuwa ndani yake hadi kiunoni, nakwangua kwa mwiko, ndipo kivuli kilipoangukia mikono yangu. Nilipoinua uso nilimwona mama mmoja amesimama ukingoni, miguu yake ina tope lililokauka hadi magotini, kikapu kitupu begani. Alilitazama shimo. Akaitazama nyumba ya Mzee Ogola. Kisha akanitazama mimi.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna aliyekufa, Mama. Hii ni kazi ya serikali. Tunachunguza watu wa zamani."

"Watu wa zamani wanachunguzwa kwa mlango ya Ochola?"

"Ni namba, Mama. Namba imeanguka hapa."

"Namba gani hiyo inajua mlango ya mtoto yangu?"

Alikuwa ndiye Mama Ochola, mjane wa ndugu yake Mzee Ogola. Ochola, mwanawe wa kwanza, alikuwa ameingia ziwani na boti ya kuvua mbuta na boti haikurudi. Haikuonekana yenyewe, wala watu wake, wala kasia. Mama alikuwa ametembea ufukwe wote wa upande wa Kendu Bay akiuliza kila penye mitumbwi, na hakuna aliyemjibu kitu cha kushika. Sasa amerudi nyumbani amekuta shimo.

Hapo ndipo nilipoliona. Kwetu, mtu akipotelea ziwani na mwili usipatikane, jamaa huzika yago badala yake, lile tunda la mwegea, refu na zito kama mtoto wa kubebwa mgongoni. Hulazwa kaburini, huliliwa, na baada ya hapo mtu huyo amekufa na mambo yake yamekwisha. Na kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Haya yote niliyajua tangu utotoni, na karibu kila mtu katika timu ile aliyajua. Na bado tulipima kwa futi kamba shimo la urefu wa mtu mzima mbele ya mlango wa mtu aliyepotea, tukalinyoosha kona zake vizuri, na hakuna aliyeliona kaburi mpaka mama mwenyewe aliposimama juu yake. Nilitoka mle ndani kwa magoti na viganja.

"Ochola hajakufa," alisema Mama. Hakusema kwa ukali. "Hajaonekana tu."

Nikamtazama Makokha. Alikuwa ameshika ubao wake wa kuandikia na kalamu iko hewani.

Mzee Ogola alikuja na fimbo yake. Mimi nilitegemea kukutana na mtu mbaya, ingekuwa rahisi zaidi. "Nyara," aliniambia, yaani binti yangu, "usifikiri mimi nataka hii kitu. Baba yake Ochola alipotea kwa hii ziwa. Huyu mama akasema tungoje. Tukangoja. Watoto wawili ya hii boma wakashikwa na chira, wakakauka hivi naona, mpaka wakaenda. Sasa mimi ningoje tena mpaka nani aende?" Chira ni ule ugonjwa wa kudhoofika unaomfuata aliyevunja mwiko, na unaweza kumfuata hata mtoto ambaye hajui mwiko ni nini. Mzee aliyasema haya huku akiwatazama wajukuu waliokuwa wanacheza karibu na ghala, na niliona wazi kwamba alikuwa anaogopa kuliko sisi sote.

"Sisi hatukuchimba hii shimo," akaendelea. "Tulikuwa tunaogopa kuchimba. Ninyi mmekuja na kitabu yenu, mkafunga macho, mkaweka kidole, na kidole ikaanguka hapa. Hiyo ni nini kama sio neno ya Mungu?"

"Mzee," alisema Makokha, "hiyo ni bahati nasibu. Ingeweza kuanguka popote."

"Hata mimi ndio nasema. Ingeanguka popote. Na imeanguka hapa."

Kwa miaka yote niliyomfahamu, hiyo ndiyo mara pekee nilipomwona Bwana Makokha akishindwa hoja. Maisha yake yote alikuwa ameyatumia kuhakikisha kwamba hakuna mkono wa mtu katika uchaguzi wa shimo, na sasa alikuwa ameulizwa ni mkono wa nani basi.

Ukoo uliamua kwamba watalileta yago na kumzika Ochola katika shimo letu. Mama Ochola alimgeukia shemeji yake na kuuliza jambo moja tu. "Mkimzika Ochola, kesho mtaniita nani? Mama nani?" Mzee aliinamisha kichwa.

Makokha alituita kando tushauriane. Tukifukia, tutakuwa tumefukia kaburi tupu, na hilo boma litaishi na woga wake. Tukiliacha, watamzika mtu ambaye pengine yu hai, na akizikwa hivyo hata akirudi nani atamfungulia lango? Kitu pekee tulichoweza kufanya kihalali kilikuwa kuendelea kuchimba, na kuchimba polepole. Shimo ambalo kazi yake haijaisha si la mtu mwingine. Basi tukawa tunakwangua kama watu wanaopaka siagi. Nilikuwa nasali kila nikishuka, nikiomba jiko la zamani, vigae, mifupa ya samaki, chochote cha kutuchelewesha. Samaki tuliwapata. Mifupa ya kamongo na ngege, mizima, mieupe, mingi, imekaa vizuri ardhini. Mama Ochola alikuja kila asubuhi akakaa ukingoni, akitazama njia ya Katito, nami chini yake nikitazama udongo.

Kisha udongo ukabadilika rangi. Aliyewahi kuchimba anajua ninachosema. Ndani ya udongo mgumu wa kahawia kulikuwa na doa jeusi, laini, refu, ncha zake za mviringo. Lilikuwa na urefu wa mtu. Chini ya kaburi letu kulikuwa na kaburi.

Wachimbaji walitoka bila kuambiwa. Nilibaki peke yangu na mwiko. Sikubaki kwa ushujaa. Nilikwangua nikingoja meno, maana meno ndiyo hubaki. Nilikwangua hadi chini. Kulikuwa na chungu kimoja kimefunikwa kifudifudi, na chini yake alama ya kitu kirefu kilichooza zamani, na basi. Makokha aliteremka, akachuchumaa, akagusa ukuta ambako mifupa ya samaki ilijitokeza mizima kabisa. Aliongea kwa sauti ya chini.

"Udongo huu haujala mifupa ya samaki. Kwa nini ule ya mtu?"

"Labda hakuna..." nikaanza, nikajizuia. "Labda haikuwemo."

"Walizika kitu kingine," alisema. "Kuna mtu wao hakurudi."

Hapo ndipo woga uliponiingia kweli, ule ambao haujanitoka. Sikuogopa mzimu. Niliogopa kwamba namba haikukosea. Katika miraba yote ile, kidole kilichofumbiwa macho kiliangukia mahali ambapo watu wa kale, tusiowajua kwa jina wala kwa lugha, walimzika mtu aliyepotea. Nilimwomba Makokha anikadirie uwezekano wa jambo hilo kutokea. Ilikuwa hesabu rahisi, angeifanya kichwani. Akasema hapana, leo hahesabu.

"Mmepata mtu?" Mama Ochola aliuliza kutoka juu. Nyuma yake nilisikia miguu ya watu wengi. Wanaume wa ukoo walikuwa wamefika, na mmoja alikuwa amebeba yago limefungwa katika blanketi la Ochola.

Nilijua nikisema ni kaburi la mtu asiyekuwepo, Mzee Ogola atapata uthibitisho wake wa mwisho. Nikisema hakuna kitu, nitakuwa nimesema uongo. Nilimtazama mwalimu wangu. "Sema ulichoona tu," alininong'oneza.

"Sijaona mtu, Mama," nikasema.

Alitikisa kichwa kukubali, kana kwamba tumeelewana jambo. Kisha akashusha miguu yake ndani ya shimo, akakaa pale ukingoni, na kusema kwamba yago halitaingia ila juu yake yeye. "Kama hii shimo inataka mtu," alisema, "mniweke mimi."

Wakati huohuo upepo uligeuka. Nilitazama milima ya Nyakach, wingu lilikuwa limekwisha kuifunika. Niliona nyufa kwenye ukuta, palepale alipokaa, na kipande kidogo cha udongo kikadondoka karibu na kisigino chake. Nilimwomba atoke. Hakusikia. Mzee Ogola naye alimwomba, kwa machozi, na kuwaambia wanaume wasimguse.

Makokha akatoa sarafu mfukoni. Mnajua desturi yetu: kabla ya kufukia tunaacha chini kitu cha wakati wetu, ili atakayechimba baadaye ajue tulifika. "Mzee, sisi pia hatufukii shimo tupu," alisema. "Tunaacha hii."

Mzee aliigeuza ile sarafu. "Pesa haina jina," akasema, akamrudishia.

Niliinua mwiko wangu. Nawaambia ukweli, sikufikiri. Niliogopa ukuta kuliko nilivyoogopa kitu kingine chochote, na nilitaka yule mama atoe miguu. Mzee Ogola aliupokea, akausogeza karibu na macho, akasoma jina kwenye mpini, herufi moja baada ya nyingine.

"Hii ni jina ya mtu?"

"Ni jina langu, Mzee."

"Nyara, unajua unafanya nini?"

"Sijui, Mzee."

"Kwenu wanajua?"

"Hapana."

Aliwageukia wanaume. "Mmesikia nimeuliza," akasema, kisha akampa Mama Ochola ule mwiko. Yeye aliinama akaulaza chini, juu ya chungu cha wale watu, na akaliita jina langu ndani ya shimo, si kwa kilio, bali kwa sauti ya kumwita mtu ndani aje kula. "Awuor! Awuor!" Nilitaka kuitika na nikashika mdomo. Kisha akatoa miguu, wakamvuta, na sisi sote tukaanza kurudisha udongo kwa sepetu, kwa karai, kwa mikono. Mvua ilitukuta tukiwa tunashindilia. Lile yago walirudi nalo, na blanketi likarudishwa katika simba.

Jioni ile nilianza kutetemeka. Ilikuwa malaria, daktari alisema hivyo na vipimo vilisema hivyo. Mama yangu, nyumbani kwetu Migosi mjini Kisumu, alisikiliza habari yote akiwa amesimama, kisha akaenda kanisani akarudi na akina mama wa maombi, na baada ya maombi hakuniita tena Awuor. Mpaka alipofariki aliniita Konsolata, jina nililokuwa nalitumia kwenye mitihani tu. Nilipona, nikarudi kazini, na Makokha akaniletea mwiko mwingine. Haukuwa na jina.

Tuliandika ripoti. Kwenye mkutano wa wataalamu tulisema tumepata kaburi lililochimbwa kwa ajili ya mtu ambaye hakuwemo. Wakasema mifupa ilioza. Tukawaonyesha uwiano wa mifupa ya samaki, tabaka kwa tabaka. Wakasema kaburi moja si sampuli. Walikuwa sawa, na Makokha mwenyewe angemkata mtu kwa kalamu nyekundu kwa jambo hilohilo. Aliketi akasema yuko tayari kungoja la pili.

Mvua zilikwisha. Siku moja mchana nilikuwa mezani napima vigae, askari akaniambia kuna mgeni. Mlangoni alisimama kijana mwembamba sana, kichwa kimenyolewa, ndala zake za rangi mbili tofauti.

"Ni wewe Awuor?" aliuliza.

"Ni mimi."

Alinitazama kutoka juu hadi chini, akashusha pumzi. "Mimi ni Ochola. Mama amenituma nikuone kama uko hai."

Kigae kiliniponyoka. Injini yao ilikuwa imezimika, maji yakawasukuma hadi ng'ambo ya mpaka, wakashikwa, wakafungwa kwa kuvua katika maji ya nchi nyingine, na hakukuwa na mtu wa kupeleka habari. Alipofika nyumbani Mzee Ogola alikimbia, kisha akarudi akamshika mikono na kulia. Mama yake alimpa chakula. Alipomaliza kula tu, alimwambia apande gari la Kisumu. Nilimpa Ochola kiti na chai. Hakuniondolea macho hata kidogo, na nilipokohoa alisimama.

Niliendelea na kazi. Magugu yalilifunika ziwa hata bandari ikanyamaza, kompyuta ya kwanza ikaletwa na kufunikwa kitambaa, Bwana Makokha akastaafu na baadaye akazikwa kwao. Mfereji ulipitishwa upande mwingine. Mwanawe ndiye aliyemzika Mama Ochola, kama inavyopasa, na mpaka siku ile watu walimwita Mama Ochola. Nilikwenda mazishini nikasimama mbali na lango. Ochola amezungushia uzio mahali pale, hapalimwi na mtoto hapiti. Kila mwaka huniletea omena, na kila mwaka huniuliza afya yangu kwa makini yasiyo ya salamu. Tunacheka. Lakini sijawahi kuuvuka ule uzio, naye hajawahi kunikaribisha.

Mliniuliza kwenye sherehe ya kuniaga mwiko wangu wa kwanza uko wapi, mkitaka kuuweka kwenye kabati la kioo. Uko Katito, mbele ya mlango wa Ochola, juu ya chungu kilichofunikwa kifudifudi. Siku moja kidole cha mtu mwenye macho yaliyofumbwa kitaangukia tena hapo. Atakuta shimo la urefu wa mtu, na ndani yake lingine, na chuma chenye kutu, na kama mti wa mpini umesalia atasoma jina. Atachekecha udongo wote. Ataipima mifupa ya samaki na kuikuta mizima, na hatapata mfupa wa mtu. Namwomba sana asiandike hakuna. Aandike kwamba Awuor hajaonekana.